Gia Nyepesi ya Kupandia Milima ya Dawna

Mae Sot,
9 Februari 2019.

Mpendwa mdogo wangu Kyaw Nyunt,

Leo natimiza miaka thelathini na mmoja tangu nivuke mto wa mpakani kuja upande huu wa Thailand. U hali gani? Kifua bado kinakusumbua asubuhi za baridi? Mimi ni mzima. Mwili ni ule ule mkubwa, ila magoti yamepona.

Kila mwaka nilipotaka kurudi uliniandikia, "Subiri, kaka, milima ya Dawna itakuua." Mwaka jana nikanunua baiskeli, nijizoeze kuivuka milima hiyo hadi nyumbani Mawlamyine. Wenzangu wa baiskeli za asubuhi walinicheka: "Mjomba, tembo na gia nyepesi wapi na wapi? Kanyaga!" Nikakanyaga gia nzito, polepole, kwa uzito wangu wote. Magoti yakavimba.

Ndipo nikakumbuka cherehani ya mama. Hakuikanyaga kwa nguvu. Miguu yake ilikwenda upesi na kwa wepesi, huku akitusimulia hadithi bila kuhema. Nikashusha gia, nikaiacha miguu izunguke hivyo hata kwenye mwinuko. Nikishindwa kuzungumza, gia ni nzito mno. Makalio yakirukaruka kitini, nimezidisha kasi. Katikati hapo nikaupata mwendo wangu. Mwezi uliopita nilipanda vilima vya huku bila kushuka, nikapanga kuja siku ya kumbukumbu ya mama.

Juzi Daw Mya Yin, jirani yetu wa zamani, alikuja kutibiwa macho. Aliponiona sokoni alidondosha kikapu.

"Mama yangu! Kaka Sein Htay, si tulishaanua matanga yako?"

Akanisimulia yote: watawa wa hekaluni walivyolishwa sadaka siku ya saba, tambi za mchuzi wa samaki, na nyumba ya mama ilivyoandikwa jina lako, maana mkubwa amekufa ugenini.

"Na mdogo wako," akasema, "alilia kutushinda sote."

Ungeniomba nyumba, Kyaw Nyunt, ningekupa. Ukaona afadhali unizike.

Cherehani usiiuze, mpe dada yetu Tin Yee. Msalimie sana, umwambie wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, kwamba nipo hai. Mkeo naye msalimie. Na thawabu ya sadaka ile, kwa kuwa mimi sikuihitaji, ikurudie wewe na kifua chako.

Ni mimi kaka yako, ninayekupenda hata sasa,
Sein Htay.

Baiskeli naipanda kila asubuhi. Nyumbani sitarudi.