Mhakiki Amesema Siigizi

Jumamosi, Machi 1998

Nimeandikwa gazetini, na tangu mchana siwezi kutulia kitini.

Zaituni, aliyeitunga na kuiongoza filamu yetu ya benki iliyofilisika, alilichukua gazeti stendi likitoka Dar, akaja kunisomea barazani kwangu, penye cherehani. Mhakiki hana huruma. Sauti inakoroma kama mashine ya kusaga, meneja wa benki anahubiri badala ya kuongea, hadithi inachechemea. Zaituni akazidi kunywea. Kisha akafika mwisho, penye jina langu: "Lakini Bi Adelina, anapoukuta mlango wa benki umefungwa, haigizi kabisa."

Nilibana kicheko kwa sababu mwenzangu alikuwa anaumia. Yeye ndiye akaanza kucheka. "Umeniokoa, dada. Kesho kwenye onyesho la hapa watu watakuja kukuangalia wewe."

Mhakiki hajui kwamba mlango ule naufahamu. Benki ya kweli ilipofungwa, nilisimama nje siku nzima na mama, pesa zake zote za kabichi zikiwa ndani. Tangu hapo hataki kuisikia habari ile, na nilimficha kabisa kwamba naigiza. Niliogopa ataona nimeifanya aibu yake mchezo.

Jioni mama amefika kutoka kijijini Mlali. Nilimpa shikamoo, nikakiri, nikamsomea sentensi ile.

"Kwa hiyo sasa na wao wameona tulivyosimama pale," akasema. "Hebu rudia."

Nimerudia mara nne. Sasa anapiga pasi kitenge chake kipya, maana kesho anataka kukaa mstari wa mbele.