Kilichokuwa Mgongoni Mwangu Msibani kwa Zege

Goba, Dar es Salaam
Jumapili, baada ya misa

Mama yangu,

Shikamoo. Najua umeitikia kwa kununa, lakini umeitikia, kwa sababu hujawahi kumnyima mtu marahaba, hata yule jirani aliyekulia mbuzi. Miguu inaendeleaje? Ndugu yangu Neema ameniambia umerudi kuchuma kahawa kabla daktari hajakuruhusu, wala sikushangaa. Huku mie ni mzima. Kazi ipo, watoto wa darasa la nne wananipasua kichwa, mvua imekula nusu ya barabara ya mtaani kwetu, na maji ya bomba yanakuja yanapojisikia.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu simu unanikatia. Barua huwezi kuikata, itabidi uichane, na nakujua, huchani kitu kabla hujakisoma.

Basi tuanze na lililokuudhi. Mama Mdogo wa Kibamba amekufikishia habari kwamba nilionekana kwenye msiba wa kijana mmoja Temeke nikiwa na mtoto mgongoni, na kwamba mama wa marehemu alimpakata mtoto huyo mbele ya watu. Kwa hiyo, kwa hesabu zake, mtoto ni wa marehemu na mie nimezaa kwa siri. Ukaniambia nisikanyage harusi ya Neema mpaka nije na mtoto wazee wamwone, au nisimame mbele ya kina mama wa jumuiya ya kanisani niseme kwa mdomo wangu kwamba sina mtoto. Jibu langu ni hili. Sina mtoto. Harusini nakuja. Na mbele ya jumuiya sisimami.

Usiitupe karatasi. Nitakueleza kitu ambacho sijamweleza mtu mwingine yeyote, na ukimaliza kusoma nakuomba kisifike Kibamba.

Nilichobeba mgongoni kilikuwa ubao. Naam, skeitibodi, ule ubao wa magurudumu manne ambao mtu anausimamia ukateleza naye, ambao wewe unauita kigari cha wendawazimu. Ubao wenyewe haukuwa wangu, ulikuwa wa marehemu. Jina lake ni Deogratias, lakini Temeke nzima ilimjua kwa jina la Zege, kwa sababu alikuwa hawezi kuona sakafu ya zege akapita zake.

Unakumbuka mwaka uliponituma kwa Mama Mdogo, wakati bado anakaa Temeke, nikatafute kazi? Ni mwaka baba alipotutoka. Kazi hakuna, nyumbani kwa watu nafua na kupika, na usoni natabasamu ili nisionekane mzigo. Siku moja nimetumwa mkaa, nikapita kwenye ghala lililobomolewa. Kuta walishazibeba, mabati walishayabeba, imebaki sakafu tupu, pana na laini. Kuna kijana mrefu, mwembamba, raba zimetoboka kidoleni, anakuja mbio juu ya ubao. Pembeni ya sakafu kuna mtaro. Nikafumba macho. Nilipofumbua alikuwa ng'ambo ya mtaro, kasimama juu ya ubao wake, anajikuna shingo. Wenzake hawakupiga makofi. Kila mwenye ubao aligonga mkia wa ubao wake chini, ko, ko, ko. Ndivyo watu wa ubao wanavyompongeza mtu.

Nilisimama pale mpaka Zege, maana ndiye aliyekuwa huyo, akaniuliza kama nataka kujaribu au nimekuja kumroga. Nikasema anifundishe kusimama. Akasema, "Kusimama utajua mwenyewe, sista. Mie nafundisha kuanguka." Na kweli, jioni ile yote alinifundisha kuanguka tu, jinsi ya kulegeza goti, jinsi ya kubiringika badala ya kuutanguliza mkono. Mama, tangu tumzike baba nilikuwa natembea kama niliyebeba ndoo imejaa pomoni, naogopa hata kukohoa. Pale kwenye sakafu nilianguka, nikalia kwa sauti mbele za watu nisiowajua, na hakuna aliyeniuliza kwa nini nalia, maana walidhani ni goti. Nikainuka, nikaanguka tena, nikacheka. Nilirudi nimechelewa na mkaa wa watu na Mama Mdogo akanigombeza vya kutosha, lakini usiku ule nililala. Sikuwa nimelala vizuri tangu msibani kwetu.

Kwa hiyo ukisema ubao ule umeniharibu, mama, mie nitakubishia mpaka kesho. Uliniokoa. Sikukuambia wakati ule kwa sababu ulikuwa na msiba wako wa kubeba.

Miaka ile ya sakafu ilikuwa mizuri, nami siogopi kuisifu. Mikanda ya video ya wacheza skeiti wa Ulaya na Marekani tuliipata kwa jamaa aliyekuwa anawauzia watu nyimbo, anakuwekea kwenye flashi, na mingine ilikuwa haina sauti. Majina ya wale wacheza hatukuyajua, tukawabatiza wenyewe. Kulikuwa na Mzee wa Ngazi, Kofia Nyekundu, na mmoja tulimwita Padri kwa sababu hakuwahi kucheka. Tulibishana nani mkubwa kuliko wote kama watu wanavyobishana Simba na Yanga. Ubao ukivunjika, Zege aligandisha vipande vya plaiwudi kwa gundi, akavibana kwa jeki ya gari ya baba yake mdogo, akavichonga, na kesho yake tunaruka. Vijana wa sasa wana mbao za kununua, kofia ngumu, na simu ya kurekodi inatangulia kabla ya mguu. Ni watoto wazuri, lakini hawajawahi kugombania ubao mmoja kundi zima, wala hawamjui Padri. Ile sakafu siku hizi ni fremu za maduka. Nikipita pale nanunua soda ambayo siihitaji, ili nipate tu kusimama.

Tuliobaki tuna kundi letu kwenye simu, tunajiita Wazee wa Sakafu. Tunatumiana picha za zamani na kutukanana kwa mapenzi. Jumapili jioni tunakutana huku Goba kwenye lami mpya ya mlimani, kabla magari hayajaizoea. Ndiyo, na mwanao mwalimu yumo. Mzazi mmoja alinifuata shuleni akaniuliza kama sioni aibu, mwalimu mzima na makalio yangu, kuteleza barabarani. Nikamwambia akaangalie kwanza maksi za mwanawe kwenye hesabu, halafu aje tuzungumze habari za aibu. Hajarudi.

Sasa msiba. Zege hakufa kwa kuanguka, hilo Mama Mdogo amelitunga au amelitaka. Ni figo. Aliumwa muda mrefu, na wiki moja kabla hajalazwa aliniletea ubao wake nimbadilishie beringi za magurudumu. Sikuwahi kumrudishia. Tulipofika msibani siku ya mazishi, Wazee wa Sakafu wote na mbao zetu kwapani, baba yake mdogo akatuzuia nje ya turubai. Alisema mbele ya watu, "Hivyo vibao ndivyo vilivyomfanya mtoto wetu asiwe mtu. Humu ndani haviingii." Wenzangu wakarudisha mbao zao kwenye gari. Mie nilishindwa. Ule niliokuwa nao ulikuwa wake, na mtu aliyetufundisha sote nasikia anaitwa si mtu, siku ya kumzika.

Nikaenda nyuma ya gari, nikaufunga ubao mgongoni kwa kanga, nikajitanda nyingine juu yake, nikaingia. Sikusema uongo wowote mama, nilitembea tu. Lakini wanawake waliponiona wakaanza kunipisha, mmoja anasema mpisheni mama mwenye mtoto, mwingine ananivutia mkeka. Tahamaki nimekalishwa pembeni ya Mama Deo, mama yake Zege. Upande wake wa pili kakaa Mama Mdogo wetu, maana walikuwa majirani tangu enzi za Temeke.

Mama Deo macho yalikuwa yamevimba hata sijui kama alinitambua. Alinyoosha mikono kwangu bila kusema neno, kama mtu anavyoomba apewe mtoto. Ningefanya nini? Nikafungua fundo nikampa. Aliuweka mapajani, na mkono wake ukapita juu ya kanga, ukafika kwenye magurudumu, ukasimama. Nilijua sasa ananiumbua, na nikawa tayari. Mama Mdogo naye, unamjua alivyo, akanyoosha kidole afunue kanga aone sura.

Mama Deo akausogeza ule mkono taratibu. Akasema, "Mwache, amelala."

Kisha akaupakata, mama. Padri wa kanisani anasali, yeye anautikisa taratibu na kuupigapiga mgongoni. Kwaya inaimba, ameukumbatia. Sijawahi kulia kwa namna ile, hata kwa baba. Alipoombwa asimame kwenda kuaga mwili, alinigeuza, akauweka mgongoni kwangu na kunifunga yeye mwenyewe, akakaza fundo mpaka nikakosa pumzi, akaninong'oneza, "Usimweke ndani tu. Mtoe nje acheze."

Kaburini tulivua viatu. Mbao tumekatazwa, sawa, lakini viatu ni vyetu. Kipara, aliyekuwa mvivu kuliko wote pale kwenye sakafu na leo ni mhasibu wa tai na shati la mikono mirefu, alivua cha kwanza akapiga magoti na kugonga soli chini. Tukamfuata wote, ko, ko, ko, mpaka vumbi likatimka na yule baba mdogo akawa anatukazia macho. Hapo Mama Mdogo amekwambia kweli, tuligonga. Nisingeacha hata kama angekuja askofu.

Umeelewa sasa kwa nini sisimami mbele ya jumuiya? Nikisema kule nyumbani kwamba sikuwa na mtoto, Mama Mdogo atapigiwa simu siku hiyohiyo, na kutoka Kibamba habari itafika Temeke, na walioona mbao zetu nje ya turubai watajua kilichokuwa kwenye kanga. Watu watakaa vibarazani wacheke kwamba Mama Deo alipakata kipande cha ubao akakiita mtoto, kwamba msiba umemvuruga akili. Hakuvurugika. Alijua kabisa alichoshika. Yule mama amezika mtoto wake wa pekee mbele ya ndugu waliokuwa wanamwonea haya, na kwa saa ile moja alipata kitu chake mapajani. Simnyang'anyi ili mie nionekane msafi. Bora waseme nimezaa.

Na najua utaniuliza nani ataniposa na uvumi kama huu. Yule atakayeogopa uvumi ataogopa na ubao pia, kwa hiyo ni vizuri akajiondoa mapema asinipotezee muda. Nina mshahara wangu, nina chumba changu, nina goti lililoshonwa na linalofanya kazi. Silii.

Ila wewe unaniuma. Ukinikatia simu najifanya naendelea kusahihisha madaftari, kumbe naangalia ukuta. Nataka kuwepo Neema akivishwa pete. Nataka kula wali wa harusi jikoni, kwenye sufuria, na wewe ukinisukuma nitoke nikakae na wageni. Hilo sioni haya kulisema.

Nisalimie Baba Mkubwa mgonga kengele, mwambie nasikia kengele yake ni mpya lakini mkono ni uleule wa kuchelewa. Nisalimie Bibi, nimemnunulia ugoro anaoupenda. Nisalimie shemeji mtarajiwa, na umwonye kwamba Neema anakoroma. Neema mwenyewe mkumbatie na umwambie gauni langu tayari, na halilingani na la mtu yeyote.

Nitafika na basi siku mbili kabla ya harusi. Ubao wa Zege nakuja nao, na safari hii siufungi kwenye kanga, nitaushika mkononi wazi, maana nimesikia mmewekewa lami mpaka kanisani. Kina mama wa jumuiya watakuwa uani wanachambua mchele. Watauangalia ubao, watauangalia mgongo wangu, halafu watauliza mtoto yuko wapi. Mie sitajibu. Huko nyumbani kote ni wewe peke yako unayejua, na wewe pia umewahi kuzika. Nitasimama hapo getini na begi langu nisikilize utawaambia nini.

Mwanao asiyeomba radhi, anayekupenda hivyohivyo,
Sabina