Nafasi kwa gari la Karin

Emmy, uko? Dada yangu Phelista ameingia sasa hivi analia. Karin amemuacha! Yule mzungu Phelista anampikia kule Kibomet, yule mama yetu alimchinjia kuku akampa jina letu, Nekesa!

Asubuhi Karin alimpigia simu, ati "Naenda Eldoret kidogo. Njoo ulale kwangu, uwashe taa zote." Taa zote, Emmy! Phelista akaenda, si ni mtu wetu?

Mchana askari wa jirani akashangaa: "Bado uko? Wazungu wote wamehamishwa. Wale majambazi wa bangi wa mpakani wamesema watavamia nyumba zao."

Phelista akampigia Karin. Unajua Nekesa wetu alisema nini?

"Sikutaka uogope. Wewe ni wa hapa, hawatakugusa. Lakini nyumba ikikaa giza watavunja."

Hawatakugusa! Na wiki jana walikatakata nani, si watu wa hapa?

Phelista akakata simu. Alienda nyuma kumfungulia mbwa wa Karin, watoroke pamoja. Akaita, akaita. Kibanda kitupu, hata sahani haiko.

Mbwa alipata nafasi kwa gari, Emmy. Mbwa!