Wimbo wa Besi Tupu

Mama mdogo mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima, nanenepa, na yule paka uliyeniachia sasa ndiye mwenye nyumba. Mimi mpangaji tu.

Najua umenuna kwa kuwa sipokei simu zako. Ngoja kwanza nijisifu. Wimbo wangu mpya unapigwa kila ukumbi wa dansi. Juzi nilipanda jukwaani, nikaweka kiganja juu ya spika kama nifanyavyo siku hizi, na besi ilipoingia watu waliruka mpaka fundi mitambo akashikilia meza isianguke. Madijei wenzangu wameniganda: "Kishindo, umewezaje kutengeneza muziki wa besi tupu, bila sauti nyembamba hata moja?" Nawajibu hiyo ni siri ya kambi.

Wewe sikufichi. Wimbo uliotangulia niliuharibu. Niliona matoazi hayasikiki, nikayapandisha, nikayapandisha tena. Siku ya kuupiga, ukumbi mzima ukaziba masikio. Nikabaki nacheza peke yangu. Daktari akanipima, akasema sauti nyembamba zimeniondoka na hazirudi. Basi nami nikazifukuza kwenye muziki wangu, nikabaki na zile ninazozisikia kwa nyayo. Na ndizo zinazonilisha.

Kwa hiyo usilie, wala usiniletee dawa zako za matone. Kazi ninayo, na siiachi.

Ila sauti yako, mama mdogo, ni nyembamba. Niandikie.

Mwanao yuleyule mwenye makelele,
Kishindo