Kiduha cha Priscilla

Thamesmead, London
18 Oktoba 2009

Shemeji Jennifer,

Natumaini mvua za vuli zimewafikia. Huku baridi imeanza, na bomba la jikoni limetengenezwa.

Utanicheka: dada yako amenifanya nipande kiduha. Si lile gugu linaloua mahindi, ila ni ndugu yake. Kina maua ya manjano na hunyonya mizizi ya nyasi, zikadhoofika, na maua mengine yakapata nafasi. Priscilla aliyaona karibu na hospitali alikokuwa nesi, akayatamani mbele ya dirisha letu.

Mbegu za kwanza niliziua mwenyewe. Nilizitunza kama mama alivyotunza mbegu za mahindi juu ya meko: nikaziweka katika kabati lililo juu ya jiko, nikazipanda Machi. Haikuota hata moja. Kumbe hizi lazima zilale udongoni kipindi chote cha baridi.

Jana tulipanda mpya. Mimi nilizimwaga, naye akazikanyaga kwa viatu vyangu, akinishika bega.

"Zitachanua lini, Baba Harrison?"

"Mwishoni mwa Mei."

"Kabati lako hilo," akasema, akacheka. "Mahindi yangekushukuru."

Katika shajara nimeandika siku tuliyopanda. Sikuandika alichotuambia daktari Ijumaa, kwamba kwa dada yako Krismasi ni mbali.

Ulisema utakuja Mei, nauli ikipungua. Maua utayakuta. Shemeji, njoo Novemba.

Ni mimi,
Naftali