Kimya cha Ndama

Jumatatu, 3 Machi

Majani ya chai yamefika kituo cha kupimia, nimenawa mikono, nimerudi kwenye tovuti za muziki. Kurasa za chini kabisa, kama kawaida, kule wanakokaa waimbaji wasio na kampuni wala jina. Takataka tupu, isipokuwa kijana mmoja wa Siongiroi. Nimemwandikia aya mbili za safu yangu gazetini. Watu huniita mkali. Sawa. Masikio yangu hayajakodishwa na mtu.

Jioni akaja Omondi, karani wa kiwanda cha chai, mtu wa ziwani, jirani na rafiki yangu tangu ujana. Mchezo wetu ni mmoja: kila mtu alete wimbo ambao mwenzake hajausikia. Kwa miaka mingi namshinda. Leo kaleta msichana wa Kimulot, Chebet. Anaimba Kipsigis! Sauti yake na mlio wa maziwa kwenye ndoo, basi.

"Arap, lugha ni yako, na ni mimi mla samaki nimekuletea!" Akacheka mpaka chai ikamwagika.

Nikasema si mbaya. Uongo. Ni wimbo bora kuliko zote nilizosikia kwa miaka mingi. Wivu umenikamata.

Jumanne, 4 Machi

Nimeusikiliza tangu asubuhi. Bando limeisha, nimenunua lingine.

Katikati sauti inakatika. Kimya kirefu. Kisha inarudi, chini zaidi. Omondi anadhani msichana alisahau maneno. Hajui kitu. Kwetu mama huimba akikamua. Ng'ombe akibana maziwa, anarudishiwa ndama anyonye kidogo, na mama hunyamaza. Ndama akitolewa, wimbo unaendelea. Mama yangu alifanya hivyo kila siku. Kile kimya ndicho moyo wa wimbo.

Mimi ndiye niliyepaswa kuupata. Si mtu anayejua maziwa ya pakiti tu.

Alhamisi, 6 Machi

Omondi amepiga simu. Amempata Chebet. Mpwa wa Omondi ana studio mjini Kericho, Jumamosi wanarekodi upya. Wataziba "lile pengo" kwa gitaa. Ule wa zamani utaondolewa, mpya uwekwe mahali pake.

"Si itakuwa tamu, Arap?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Nikasema itakuwa tamu sana.

Wacha waharibu. Kisha niwachinje gazetini. Nimeanza makala: "Viziwi wa Ziwani". Nimefuta neno la ziwani. Aibu kidogo ninayo bado.

Ijumaa, 7 Machi

Makala imekamilika. Nimeisoma kwa sauti shambani, kati ya michai. Kila ngumi inatua. Lakini ili zitue, lazima wimbo ufe kwanza.

Na nataka ufe. Afadhali usiwepo kuliko uwe wa Omondi. Nimeliandika. Likae hapo nilitazame.

Nimelitazama. Linanuka.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeshindwa kuvumilia. Nikapiga namba iliyo kwenye ukurasa wa Chebet. Alikuwa ameshafika studio. Nikamhubiria habari ya ndama kama mchungaji. Akaniacha nimalize.

"Mzee, ndama alikuwa wetu. Sasa unanifundisha nini?"

"Basi mbona unaziba?"

"Ng'ombe tuliuza. Malisho yote sasa ni chai. Nikinyamaza hapo, hakuna anayekuja. Gitaa angalau litakuja."

Nikasema wimbo ule ni hazina.

"Na ulikuwa wapi? Wimbo umekaa mtandaoni mwaka mzima. Omondi ndiye wa kwanza kuniandikia." Akasema wanamngoja, akakata.

Jumapili, 9 Machi

Nimefuta makala.

Omondi alikuja baada ya kanisa na wimbo mpya. Nilingoja gitaa liwe baya. Si baya. Linaingia polepole, kama mtu anayebisha hodi. Hilo ndilo linaniuma zaidi.

Nikamweleza kuhusu ndama. Yote.

"Na Alhamisi ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuonea wivu."

Akaweka kikombe chini. Hakugomba, afadhali angegomba. Baadaye akaomba tusikie ule wa zamani, mara moja tu, kwa kuwa sasa anaelewa. Tukautafuta kila tovuti. Umeshaondolewa. Akakaa akitazama simu yake, kisha akavaa koti, akaniaga kwa heshima, kama mgeni.

Mimi ninao. Niliupakua Jumanne. Ulikuwa mfukoni mwangu wakati wote tukitafuta.

Nimefunga mlango, nimeuweka masikioni. Mvua imeanza kwenye mabati. Sauti ya Chebet imekatika pale inapokatika. Nimekaa hapa na kimya chote, peke yangu, na bado sitaki mwingine akisikie.