Moto Haujakaa Sawa

Cimpunda, Bukavu, Jumapili

Yaya Marcelline, dada yangu mpenzi,

Nakusalimu wewe, shemeji na watoto huko Walungu. Je, mvua imewabakizia maharagwe, au imeozesha yote? Sisi huku tu wazima, isipokuwa Maman na magoti yake, na mimi na hasira zangu. Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yenu inashikwa na nyumba nzima, na habari hii ni yetu wawili.

Unajua niliapa kutokwenda kuchimba dhahabu Shabunda kabla ya kumwachia Maman nyumba yenye joto. Basi nimejenga lile jiko nililoliona kwenye video. Kuni chache zinaingia chini, moto unapanda ndani ya dohani ya matofali iliyofunikwa na pipa la mafuta, kisha moshi unapita katika bomba ndani ya benchi la udongo na kutokea nyuma ya ukuta. Maman anakaa juu ya benchi, magoti yanaota moto. Maneno matamu! Mwenye video hajawahi kuishi Cimpunda.

Yaya, jiko hili limenitia wazimu. Mara ya kwanza moshi wote ulirudi ndani, majirani wakaja na ndoo za maji wakidhani tunaungua. Jacques, fundi wa kuchomelea aliyenikatia pipa, akasema nimelikalisha karibu mno na dohani, moto hauna pa kupumulia. Nikalinyanyua. Asubuhi jiko likawaka vizuri; niliporudi jioni kutoka kazini, moshi tele. Nikalaumu kuni mbichi, nikatafuta kavu. Nikalaumu viungo vya bomba, nikaviziba kwa udongo na majivu. Nikabomoa benchi zima, nikalijenga upya. Asubuhi sawa, jioni moshi! Jacques akaniambia mvumilivu hula mbivu. Mimi nimekula masizi tu.

Na Maman anakohoa, anafuta macho, ananiambia kwa upole: “Mutoto wangu, ile moto haiko bado sawa. Ungoje kwanza.”

Jana nilichoka kabisa. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaingiza mkono katika tundu la bomba, nikavuta kitambaa. Kilikuwa kipande cha kitenge cha Maman, kile alichovaa kwenye matanga ya Papa.

Nilikasirika, sikufichi. Halafu nikamkumbuka Papa, jinsi shimo la Shabunda lilivyomfukia hata mwili wake tusiletewe, nikalia palepale.

Nilipoingia ndani nikawasha. Moto ukanguruma, moshi hakuna. Maman akaacha kuchambua mchele, akalitazama begi langu la safari mlangoni. Nikamwambia moto umekaa sawa, lakini benchi lina nyufa, na jiko la namna hii halitaki kuachwa peke yake. Litanihitaji kila mwaka. Akauliza kama ni kweli kila mwaka. Nikasema kila mwaka, nikalifungua begi.

Kitambaa nimekifua na kukirudisha sandukuni mwake. Yeye hajauliza, nami sijasema. Nawe usiseme.

Maman anawasalimu wote kutoka juu ya benchi lake. Mbusu mdogo wetu Charlène akipita kwako.

Ni mimi ndugu yako, mwenye macho mekundu,

Delphin